MITA MPYA KIWANDANI ZAPIMA NINI?



Mji wetu wa Jinja ulipata viwanda kwa sababu ya umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kwa miaka mingi bili ilikuja mara moja kwa mwezi kwa kiwanda kizima, na hakuna aliyejua ni mashine ipi iliyokula. Siku hizi waajiri wanafunga mita za kompyuta, kila mashine kubwa na yake. Wanasema ni za kuokoa umeme na kulinda mazingira. Sisi wa chama twakubali, lakini si yote.

Chukueni kompresa. Upepo wake waweza kupotea asilimia 20 mpaka 30 kwa mabomba yanayovuja. Kompyuta itaonyesha kwamba inafanya kazi usiku wa Jumapili wakati hakuna mtu kiwandani. Tundu lakini huzibwa na fundi mwenye spana, ambaye mara nyingi alikwisha kuripoti asisikilizwe! Feni nayo, ikipunguzwa spidi mpaka asilimia 80, hutumia kama nusu tu ya umeme.

Walakini umeme wa bwawa hauna moshi. Moshi wetu u katika boila zinazochoma kuni na mafuta mazito. Chombo kilichowekwa ndani ya dohani hupima hewa na kuiambia kompyuta kama inayoingia motoni imezidi, maana hewa iliyozidi hubeba joto na kulitoa nje. Tena, maji ya moto yanayobaki mvuke ukipoa yarudishwe kwenye boila, yasimwagwe mtaroni. Maji ya boila yakiingia yamezidi joto kwa digrii 6, kuni hupungua kama asilimia 1. Mchochea boila anayajua haya kwa mikono yake. Basi afundishwe yeye kompyuta hiyo kabla ya kuletwa mgeni.

Sasa lililo zito. Katika kiwanda kimoja, wasimamizi walichukua dakika za mashine kusimama wakazikata katika bakshishi ya wafanyakazi. Mita iliandika kwamba mashine ilisimama. Haikuandika kama umeme ulikatika, au uzi ulikuwa mbovu, au mama mmoja alikwenda msalani.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinazowekwa. Kwa hiyo, makatibu wa matawi, katika mapatano yajayo takeni iandikwe kwamba hesabu za mita ni za mashine, si za kumwadhibu mtu. Kwamba zibandikwe ubaoni kila juma. Na kwamba fedha inayookolewa, sehemu yake iingie katika mishahara. Tawi ambalo mita zimekwisha kufungwa lisingoje mapatano. Liandike barua kwa meneja sasa, na nakala ije ofisini kwetu.