Bango likieleweka, mtoto anapona

Fungua kundi lolote la WhatsApp la wazazi. Hutakosa tangazo la afya ambalo ni picha ya karatasi: aya sita za maandishi madogo, nembo nne juu na mhuri chini. Wengi hulipita. Ujumbe ni wa kweli, ila haujafika.

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Shinyanga na Geita, ujumbe usiofika ni hatari. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma donge hilo ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Wapo wanaochomea nyumbani, hata kwenye jiko la kupikia. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni na kudhuru ubongo. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mtoto aliye tumboni.

Dunia imejifunza hilo kwa uchungu. Ugonjwa wa Minamata, uliotokana na zebaki ya kiwandani, ulitambuliwa rasmi Japani mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina hilo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hausomwi jikoni. Lazima mtu augeuze kuwa picha.

Na picha nayo inaweza kupotosha. Ukichora moshi mzito mweusi, mama asiyeona moshi kwake atasema, "Hapa ni salama." Afadhali uchore mishale inayotoka kwenye karai hadi kwa mtoto aliyelala, na maneno matatu makubwa: "Usichomee dhahabu nyumbani." Usanifu si mapambo. Ni kujiuliza mtazamaji ataelewa nini.

Bibi zetu walilijua hili kupitia kanga: pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani sentensi moja fupi ambayo mtaa mzima unaisoma.

Kwa hiyo mzazi, ukimkuta mwanao anatengeneza mabango kwenye simu kwa programu kama Canva, usikimbilie kumgombeza. Mpe kazi: onyo la zebaki, au tarehe za chanjo za mdogo wake. Kwanza athibitishe taarifa kwa mhudumu wa afya. Kisha azingatie haya: wazo moja, picha moja, na herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo bila kuzikuza.

Mwisho, amwonyeshe jirani bila kumweleza chochote na kumuuliza, "Umeelewa nini?" Jirani akikosea, kinachorekebishwa ni bango.

Na kama kwako bado mnachomea ndani, anzeni leo: uchomaji ufanyike mbali na makazi, kwa kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke, na watoto na wajawazito wasiwe karibu. Hilo nalo linatosha kuwa bango.