Ampli na spika za gari: namna ya kuzilinganisha ili tangazo lisikike



Siku moja gari letu lilizunguka kambini kutangaza ugawaji wa unga na mafuta. Tulisema bloki ya kumi na nne waje Jumatano. Sauti ilikuwa kubwa lakini inakwaruza, na watu wa bloki ya kumi na nane walisikia kwamba ni wao wanaoitwa. Asubuhi ya Jumatano makundi mawili yalikutana mbele ya ghala, kila moja na jetoni mkononi, kila moja likidhani lingine linataka kulinyang'anya haki yake. Wazee waliingilia kati na hakuna aliyeumia. Lakini maneno ya "wale wanapendelewa" yaliendelea kwa majuma kadhaa.

Tulipochunguza, tulikuta kosa si la msemaji. Ampli yetu ilikuwa ndogo kuliko spika, nasi tuliifungua hadi mwisho. Makanisa, misikiti, vikundi vya vijana na mashirika hutumia magari ya namna hiyo, kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi ya kulinganisha vifaa hivi viwili.

1. Namba ya wati ya kuamini

Nguvu ya ampli na ya spika hupimwa kwa wati. Kwenye katoni huandikwa namba kubwa, kwa mfano wati 1000, pamoja na neno MAX. Hiyo ni nguvu ya kitambo kidogo sana. Tafuteni namba yenye herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo ampli hutoa, au spika huhimili, kwa muda mrefu. Spika ya wati 50 RMS inafaa kufungwa kwenye ampli inayotoa karibu wati 50 RMS kwa kila spika.

Wengi hufikiri kwamba ampli kubwa peke yake ndiyo inayounguza spika. Hata ndogo huunguza. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, maneno hukwaruza, na spika hupata joto, hasa zile ndogo za sauti nyembamba. Ndiyo maana mafundi wengi huchagua ampli iliyozidi spika kidogo, kisha hawaifungui yote.

2. Omu

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Omu zikiwa chache, ampli hutoa umeme mwingi zaidi. Spika nyingi za gari zina omu 4. Spika za honi, zile zenye mdomo kama tarumbeta, mara nyingi zina omu 8 au 16.

Mkifunga spika mbili za omu 4 chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampli huziona kama omu 2. Mkizifunga kwa kufuatana, chanya ya moja na hasi ya nyingine, huwa omu 8. Ampli iliyoandikwa kwamba haishuki chini ya omu 4 ikifungwa kwenye omu 2 itapata moto, itajizima au itaungua. Upande mwingine, ampli ya wati 50 kwa omu 4 hutoa karibu wati 25 tu kwa omu 8. Someni wati na omu pamoja, kila mara.

3. Wati mara mbili si sauti mara mbili

Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Angalieni pia desibeli ambazo spika hutoa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 105 ikilinganishwa na ya 90 ni sawa na kuongeza wati karibu mara 30. Kwa matangazo ya maneno, honi nzuri na ampli ya wastani hushinda ampli kubwa na spika za muziki.

4. Betri, waya na fyuzi

Ampli inayotoa wati 100 inaweza kuvuta karibu wati 200 kwenye betri, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 17. Tumieni waya mnene, na fyuzi iwe karibu na betri. Fyuzi ikikatika, msiweke kipande cha waya mahali pake, maana gari linaweza kuungua. Mkitangaza muda mrefu, injini iwe inawaka.

5. Kurekebisha na kujaribu

Kitufe cha ampli kilichoandikwa GAIN si cha kuongeza sauti. Kianze chini kabisa. Fungueni redio au mikro hadi robo tatu, kisha kipandisheni polepole. Sauti ikianza kukwaruza, rudisheni nyuma kidogo na kukiacha hapo.

Halafu mtu mmoja asimame hatua mia kutoka garini. Msemaji aseme: kumi na nne, kumi na nane, Jumatatu, Jumatano. Yule wa mbali arudie alichosikia. Akikosea, punguzeni sauti, lisogezeni gari, na msimame mahali pengi zaidi.

Kwa viongozi tunaongeza neno moja. Gari likipita linakwaruza, lisimamisheni na kuomba tangazo lirudiwe. Kisha tarehe na namba ya bloki ziandikwe ubaoni, mbele ya wajumbe wa bloki zote, ili kila mmoja arudi kwake na habari ile ile.