Utamu Hupakwa Mwisho

Ijumaa moja niliwaalika wakwe zangu kwa chakula cha jioni. Kwa kutaka sifa, nikaiacha mishikaki niliyoizoea, nikachoma nyama kwa mapishi ya Meksiko, ile ipakwayo rojo tamu lenye pilipili na chumvi. Niliipaka tangu ikiwa mbichi, nikaiweka juu ya seredani. Lahaula! Punde si punde nje ikawa makaa, ndani yatoka damu. Mama mkwe akatabasamu, akasema: "Mwanangu, mishikaki yetu ilikukosea nini?" Usiku ule tulikula wali na mchuzi wa mchana.

Baadaye nilitambua kwamba kosa lilikuwa langu, si la Wameksiko. Sukari huungua kabla nyama haijaiva. Mpishi wa kuku wa kupaka alijua hilo zamani: kuku huchomwa kwanza, tui hufuata.

Wala mapishi hayo si mageni kama tudhaniavyo. Pilipili asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Huku ilifika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Ukwaju nao, mti wa Afrika, ulivushwa hadi Meksiko enzi za Wahispania, na leo huko hunywewa kama sharubati. Tulikopa kwao, nao wakakopa kwetu.

Tahadhari moja tu. Meksiko kuna nyama mashuhuri iitwayo al pastor, iliyotokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanon, lakini aghalabu ni ya nguruwe. Basi ndugu msomaji, twaa rojo, nyama yao waachie.

Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, roweka pilipili 3 kubwa kavu zisizo kali, uzisage na thomu, bizari nyembamba na chumvi. Tia nusu kikombe cha maji mazito ya ukwaju na vijiko 3 vya sukari guru, uchemshe mpaka rojo lishike kijiko. Nyama itie ndimu, thomu na chumvi tu, uichome mpaka ikaribie kuiva. Ndipo upake, ugeuze, upake tena, kwa dakika 2 au 3 za mwisho.

Juzi wakwe walirudi. Mama mkwe alikula mshikaki wa kwanza kimya, kisha akanyosha mkono kuchukua wa pili. Sifa nyingine sikuitaka.