Gari Limeitwa, Mwenyewe Hakusikia

Ukisimama kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, pale Shika Adabu, asubuhi ya siku ya shule, utayaona magari ya nyumbani yakipita kwa mpangilio uleule: baba usukani, mama kando yake, mtoto mchanga mapajani mwa mama, na wakubwa wamebanana nyuma na mikoba yao. Mengi ni Vitz, Corolla, Honda Fit, Demio na X-Trail. Yalitumika Japan kwanza, yakashushwa bandarini Kilindini, yakapita yadi, na baadhi yake sasa yamo mikononi mwa mwenyewe wa tatu au wa nne. Mbele ya kila mama huyo, nyuma ya plastiki ya dashibodi, umekunjwa mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabagi. Miongoni mwa magari ya majina hayo yapo ambayo watengenezaji walishayaita yarudi kurekebishwa, kwa kuwa mfuko huo waweza kumuua yule yule uliowekwa kumlinda. Mwito ulitolewa, wengi wetu haukutufikia.

Mfuko wa hewa haujazwi na pampu. Ndani yake mna kopo dogo la chuma lenye tembe za kemikali. Gari likigonga, tembe zinawashwa, zinatoa gesi, na mfuko unafumuka kabla jicho halijapepesa. Kampuni ya Takata ya Japan, iliyowauzia makopo hayo watengenezaji wengi wa magari duniani, ilichagua kemikali iitwayo amonia naitreti, ambayo ni rahisi kwa bei lakini haipatani na unyevu. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevunyevu, tembe hubadilika umbo na kumeng'enyuka. Zikiwashwa siku ya ajali huungua kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinarushwa usoni na shingoni mwa aliyeketi mbele. Huko Florida mwaka 2014 mwanamke mmoja alikutwa na majeraha ya shingo baada ya ajali, na polisi wakaanza kwa kudhani kuwa amechomwa kisu.

Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka 2008, machache tu. Kisha idadi ikapanda mwaka baada ya mwaka, hadi Marekani peke yake makopo yaliyoitwa yakafika takriban milioni 67, katika magari ya kampuni zaidi ya kumi. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, imehesabu vifo visivyopungua 28 nchini mwake na mamia ya majeruhi. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani mjini Detroit kosa la udanganyifu, kwa kuwa taarifa za majaribio walizopewa wateja wake zilikuwa zimebadilishwa, na mwaka huohuo ikafilisika.

Mambo matatu kwa pamoja ndiyo yanayoiharibu kemikali hii: umri, unyevu wa hewani, na joto linalopanda mchana na kushuka usiku. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Gari linaloshinda juani kwenye foleni ya feri, kisha likalala nje usiku mzima likipigwa na umande wa bahari, limepata yote matatu. Wamarekani walipoyapanga majimbo yao kwa daraja za hatari, daraja la kwanza walilipa Florida, Hawaii na sehemu nyingine za joto na unyevu kama huu wetu. Mwaka 2014, katika mji wa Sibu nchini Malaysia, mama mjamzito aliyekuwa akiendesha Honda City ya mwaka 2003 aliuawa na kipande cha kopo hilo katika ajali ya mwendo wa taratibu. Mtoto wake alizaliwa baada ya mama kufa, naye hakuishi. Katika vifo vilivyoandikwa upande wa Ufaransa, vingi vilitokea katika visiwa vyake vya joto, na mojawapo ya visiwa hivyo ni Réunion, kilichomo katika bahari hii hii yetu.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, ambako ndiko malalamiko yalikojaa kila nchi. Mwito ulipopanuka kote duniani, makopo ya kubadilishia hayakutosha. Wenye magari Marekani walipokea barua ikisema gari lako lina hatari, na sentensi iliyofuata ikisema vipuri havijapatikana, tutakuarifu. Wengine walingoja miezi, wengine zaidi ya mwaka, na kila siku wanawapeleka watoto shuleni kwa gari lilelile. Mwaka 2014 Toyota ilifika mahali pa kuwaagiza mawakala wake huko wauzime mfuko wa upande wa abiria kwa baadhi ya magari na kumwonya mwenye gari asimketishe mtu kiti hicho hadi kipuri kifike. Isitoshe, baadhi ya waliotengenezewa mapema walipewa kopo jipya la kemikali ileile, wakaja kuitwa mara ya pili. Hata mwaka 2025, baada ya mwanamke kufariki karibu na mji wa Reims, serikali ya Ufaransa ilipotaka Citroën C3 na DS3 zilizohusika zisiendeshwe kabisa, familia nyingi zilijikuta hazina gari wala tarehe ya kulitengeneza.

Hao, hata hivyo, walikuwa kwenye foleni. Sisi hatumo hata katika foleni, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtengenezaji humwandikia mwenye gari anayemjua, na anayemjua ni yule wa Nagoya au Osaka aliyelinunua likiwa jipya. Gari likishauzwa mnadani, likapakiwa melini na kuandikishwa Kenya kwa jina la mtu mwingine, barua inabaki kule. Aliyeliuza yadi alikwisha lipwa. Wakala rasmi hapa nchini ana orodha ya magari aliyoyauza yeye mwenyewe, na magari yetu mengi hayamo humo. Hivyo kila mtu ana sababu yake ya kunyamaza, na mama yupo pale mbele na mtoto wake.

Tusije tukadhani kuwa haliwezekani kwa nchi inayonunua magari ya mkono wa pili. New Zealand huendesha upande wa kushoto kama sisi na hununua magari yaliyotumika Japan kama sisi. Mwezi wa Aprili 2018 serikali yake ilitoa amri ya lazima kwamba makopo ya aina ya hatari zaidi yabadilishwe, yakiwemo yale ya magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika, na ikaweka ukomo wa mwisho wa mwaka 2019. Japan nayo, kuanzia Mei 2018, ilikataa kuyapasisha katika ukaguzi wa lazima magari yaliyoitwa kwa hatari hii yakawa hayajarekebishwa. Hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Haki imeandikwa, ni wachache walioipeleka kaunta ya wakala na kuidai.

Basi mwenye gari afanye nini? Aanze na nambari ya fremu, ile ambayo kwenye kitabu cha gari imeandikwa kama nambari ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japan huwa na herufi chache za modeli, kisha kistari, kisha tarakimu. Si ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu tovuti ya Marekani, ambayo vijana wetu huikimbilia kwanza, inaikubali ile ya 17 tu. Ukiingiza yako ikakataliwa, usifurahi kuwa gari ni salama. Umeuliza mlango usio wako. Kampuni za Japan zina kurasa zao za intaneti ambamo nambari ya fremu huingizwa na jibu hutoka, kwa Kijapani, na simu ya mkononi inatosha kulitafsiri. Kijana wa kidato cha nne anaweza kumfanyia babake kazi hii baada ya Isha.

Jina la modeli peke yake halitoshi. Katika Vitz mbili za mwaka mmoja, moja yaweza kuwa imeitwa na nyingine haikuitwa, au imeitwa na ikarekebishwa kabla ya kusafirishwa. Wala taa ya dashibodi haitakuambia. Taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, maana yake ni hitilafu ya umeme, na huenda mfuko usifumuke kabisa. Hilo nalo lishughulikiwe. Lakini kopo lenye tembe zilizoharibika haliwashi taa yoyote. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa nacho kisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba mwito ulitekelezwa.

Jibu likiwa ndiyo, andika barua au baruapepe kwa wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini. Taja nambari ya fremu, ambatisha nakala ya jibu la tovuti, na uliza maswali mawili tu: mtalitengeneza bila malipo, na lini? Nasisitiza maandishi. Neno la kaunta husahaulika kabla hujafika kivukoni, na bila karatasi hutakuwa na la kuwaonyesha Mamlaka ya Ushindani, inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi. Wakijibu kwamba gari lako halikupitia kwao, omba hilo pia liandikwe, kisha mwandikie mtengenezaji mwenyewe. Majirani watano wenye gari la aina moja wakiandika barua moja, itasomwa kwa makini kuliko barua tano.

Kungoja kutakuwepo, na ndani ya kungoja huko ndimo familia inamoishi. Kwa hiyo, ikiwa kopo lililoitwa ni la upande wa abiria, kiti cha mbele kiachwe wazi. Mama akae nyuma na watoto wake. Najua baadhi ya nyumba zitaona kana kwamba bibi amegeuzwa abiria wa teksi; afadhali maneno ya barazani. Mtoto kupakatwa kiti cha mbele ni hatari hata kwa gari ambalo mfuko wake ni mzima kabisa, kwani unafumuka kwa nguvu ambayo mwili wa mtoto mchanga haiwezi kuipokea. Ikiwa kopo lililoitwa ni la usukani, hakuna kiti cha kuhamia: gari lisafiri kwa haja ya lazima tu. Na ikiwa mtengenezaji amesema lisiendeshwe, lisiendeshwe. NHTSA ilieleza mwaka 2016 kwamba katika baadhi ya Honda za miaka ya 2001 hadi 2003, majaribio yalionyesha uwezekano wa kopo kupasuka unaofika asilimia 50, kama kurusha shilingi.

Wapo watakaosema, twende kwa fundi autoe tuwe salama. Hapana. Kopo hilo ni baruti ndogo. Fundi asiyefunzwa akigusa nyaya vibaya linaweza kulipuka mikononi mwake. Kununua la mtumba kutoka gari lililobomolewa ni kubaya zaidi, maana nalo lina umri wake na unyevu wake. Na ikumbukwe kuwa mifuko ya hewa iliyo mizima imeokoa watu wengi sana. Kinachotafutwa ni kopo jipya kutoka kwa aliyelitengeneza gari, likifungwa na aliyefunzwa, bila senti kutoka mfukoni mwako.

Limebaki la kuuza. Anayechoka kungoja atashawishika kulisukumia gari yadi nyingine, ng'ambo, na yamkini akanunua mtu wa Kisauni au Changamwe asiyejua lolote. Masheikh wetu wamefundisha tangu zamani kuwa muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa sharti aidhihirishe, na kwamba mnunuzi akiigundua aibu iliyofichwa ana hiari ya kuirudisha. Wengi tulisoma hayo madrasa kwa mfano wa mbuzi na ngano mbovu. Kopo la Takata ni aibu ya namna hiyo hiyo, na mwenye kulijua ni yule aliyeingiza nambari akaliona jibu. Kwa hiyo jibu hilo la tovuti, pamoja na barua ulizoandikiana na wakala, liwekwe ndani ya bahasha moja na kitabu cha gari, na siku gari litakapouzwa bahasha yote ikabidhiwe mnunuzi kabla hajahesabu pesa.