Windows 11: Kwa nini watu wanadai mwambaa kazi wa zamani urudi?

Chukua mfano wa mhasibu aliyefungua faili 6 za Excel kwa wakati mmoja. Kwenye Windows 10 aliweza kupanga kila faili ionekane na jina lake chini ya skrini. Anabofya anayoitaka, kazi inaendelea.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021, chaguo hilo halikuwepo. Faili zote 6 zikajificha nyuma ya ikoni moja. Kila akitaka kubadili, lazima aguse ikoni, aangalie, ndipo achague. Ni sekunde chache tu, lakini zirudie siku nzima uone.

Nini hasa kilipotea?

Tunazungumzia mwambaa kazi, yaani ule mstari wenye kitufe cha Start, ikoni za programu na saa. Tangu Windows 95, mtumiaji aliweza kuuhamishia juu, kushoto au kulia mwa skrini. Windows 11 ikaufunga chini.

Pia mwanzoni haikuwezekana tena kuburuta faili na kuipitisha kwenye ikoni ya programu ili ifunguke huko. Hilo nalo liliondoka.

Kwa nini viliondolewa?

Microsoft haikukarabati mwambaa wa zamani, iliujenga upya kutoka mwanzo. Kila chaguo la zamani likahitaji kutengenezwa tena, na mengine hayakuwahi.

Kuhusu kuuhamisha, mwaka 2022 kampuni ilieleza kuwa mwambaa ukikaa pembeni, programu zote zinalazimika kujipanga upya, na wanaoutumia hivyo ni wachache.

Wachache hao wana hoja yao. Skrini za siku hizi ni pana kuliko urefu wake. Ukiweka mwambaa pembeni, unapata mistari zaidi ya kusoma kwenye hati au jedwali.

Kelele zimesaidia?

Ndiyo, kwa kiasi. Kuburuta faili hadi kwenye mwambaa kulirudi 2022. Mwaka 2023 yakarudi majina ya madirisha, pamoja na sekunde kwenye saa. Ombi la kuhamisha mwambaa ndilo lililosubirishwa miaka.

Presha iliongezeka Oktoba 14, 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma. Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama ni hatari, hivyo "nabaki na ya zamani" si jibu rahisi tena.

Ufanye nini sasa?

Bofya kulia kwenye mwambaa wenyewe, fungua mipangilio yake, kisha shuka hadi sehemu ya tabia za mwambaa. Hapo unaweza kurudisha kitufe cha Start kushoto na kuzuia madirisha yasirundikwe kwenye ikoni moja. Kama hulioni chaguo hilo la pili, sasisha Windows kwanza.

Zipo pia programu za watu wengine, kama ExplorerPatcher na StartAllBack, zinazorudisha sura ya zamani. Tahadhari: sasisho moja la Windows linaweza kuzivuruga, na ofisi nyingi haziruhusu kusakinisha vitu hovyo. Muulize kwanza mtu wa IT.

Na kama kuna kitu umekikosa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na F. Hapo ndipo maoni yanapotumwa moja kwa moja Microsoft. Majina ya madirisha yalirudi baada ya watu wengi kulalamika, si mmoja.