Nguvu ya Land Rover Kuukuu Yatoka Wapi?

Mwenye shamba la ngano katika nchi ya Moiben, kaskazini-mashariki ya Eldoret, hana haja ya kuelezwa matope ni nini. Mvua zinyeshapo, kuanzia Machi au Aprili hata Agosti, njia za mashambani hulainika. Mbegu, mbolea, hata mgonjwa wa kupelekwa hospitali, vyote hungojea motokaa iwezayo kupita. Kwa kazi hiyo Land Rover kuukuu, nyingine zenye umri kuwapita madereva wake, zingali na sifa kubwa. Lakini wengi wanaozisifu hudhani kwamba nguvu zake zote zimo katika injini. Sivyo.

Injini ya Land Rover ya kwanza ilikuwa ndogo, ya lita 1.6, nayo ilitoa nguvu za farasi 50 tu hivi. Motokaa nyingi za mjini siku hizi zaishinda. Siri yake imo chini ya sakafu.

Asili ya gari hili ni Jeep ya Wamarekani, ambayo viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya 600,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep moja shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1947 akakusudia kampuni yake itengeneze gari la namna hiyo kwa wakulima. La majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wake ukawekwa katikati kama wa trekta! Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo, bodi yake iliundwa kwa aluminiamu, nayo haishiki kutu ya chuma. Chesisi hushika, basi anunuaye kuukuu na aingie uvunguni na nyundo kabla ya kutoa fedha zake.

Sasa tutazame sanduku la gia. Nyuma ya lile la kawaida, lenye gia 4 za kwenda mbele, kuna sanduku la pili. Hilo hugawa nguvu za injini kwa propela mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Tena lina mwendo wa juu na mwendo wa chini. Katika mwendo wa chini kasi hupungua kupita nusu, na nguvu ya kuzungusha magurudumu huongezeka kwa kadiri ile ile. Ndiyo maana farasi 50 waliweza kulitoa gari topeni kwa mwendo wa mtu atembeaye. Humo ndani ni meno juu ya meno. Hamna mnyororo wala mkanda wa kukatika.

Katika magari ya kwanza magurudumu ya mbele yalipata nguvu daima. Tangu 1950 dereva alipewa uchaguzi. Akibonyeza kitufe cha manjano, magurudumu yote manne huvuta katika mwendo wa juu. Akisimamisha gari na kuvuta mkono mwekundu, huingia mwendo wa chini, na yote manne huvuta yenyewe.

Hapa ndipo magari mengi mazuri yalipoharibiwa. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Matopeni huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Juu ya lami hayatelezi. Vyuma hujipinda, matairi huliwa, na mwisho kitu huvunjika. Range Rover ya 1970 iliwekewa difu ya katikati ili kuondoa shida hiyo, lakini Land Rover za zamani hizi hazina. Kwa hiyo dereva atokaye Moiben, akifika kwenye lami, yampasa asimame, avute mkono mwekundu nyuma, kisha aurudishe mbele. Kitufe cha manjano kitaruka juu chenyewe.

Wala asidhani kwamba magurudumu manne hayashindwi. Difu ya kila ekseli hupeleka nguvu kwenye gurudumu lisilo na mzigo. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia juu ya mtaro, hayo mawili yatazunguka bure na gari halitaondoka. Hapo hutolewa jembe, mawe hujazwa chini ya yale yanayozunguka, ndipo mkono mwekundu uvutwe tena.