Mkondo Unaolisha Matumbawe

Je, wajua kwamba tumbawe, ambalo watu wa pwani wamelichonga na kulijengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi, limetengenezwa na mnyama mwenye mdomo, tumbo na minyiri? Mnyama huyo anaitwa polipu. Mara nyingi upana wake ni milimita chache tu. Hukaa ndani ya kikombe cha chokaa alichojijengea mwenyewe, na akishaota hapo hahami tena. Hawezi kulikimbilia windo wala kujisogeza penye chakula kingi. Kila anachokula sharti kiletwe na maji.

Sehemu kubwa ya nguvu zake huipata kwa mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama yake. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na polipu hugawiwa. Lakini sukari peke yake haijengi mwili. Naitrojeni na fosforasi anazohitaji ili akue na kuzaliana, kwa kiasi kikubwa huzipata kwa kuwinda vijidudu vinavyoelea majini, kama kopepodi na mabuu ya kaa. Vingi kati ya vijidudu hivyo hupanda usiku, na ndiyo maana matumbawe mengi hutandaza minyiri yao giza likiingia.

Mtu anayefuga samaki na matumbawe katika tangi la maji chumvi, awe Berlin, Dubai au Chicago, amejitwika kazi iliyokuwa ya bahari nzima. Taa anaweza kununua, na chumvi huuzwa kwa ndoo. Mwendo wa maji ndio mgumu, na ugumu wake huonekana zaidi saa ya kulisha.

Tuanze na polipu mwenyewe. Minyiri yake imejaa seli za kuchoma. Kila seli ina kifuko chenye uzi uliokunjwa ndani, na windo likigusa, uzi hufyatuka. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walipima mfyatuko huo kwa haidra, jamaa wa matumbawe anayeishi katika maji yasiyo na chumvi, wakakuta hatua yake ya kasi zaidi inakamilika kwa nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ni silaha ya ajabu, lakini haimfai kitu kama windo halikumgusa. Maji yakilala, vijidudu vinavyopita karibu huwa vichache. Maji yakienda mbio mno, minyiri hulazwa, na windo lililokwisha kunaswa hung'olewa kabla halijafika mdomoni. Kenneth Sebens na wenzake walilipima jambo hili kwa matumbawe ya Karibi katika miaka ya 1990. Chembe zinazonaswa huongezeka mkondo unapoongezeka, kisha hupungua mkondo ukishapita kasi ya wastani.

Wala polipu hakai akisubiri tu. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel na chuo cha MIT cha Marekani, wakiwemo Orr Shapiro na Vicente Fernandez, walionyesha kwamba vinyweleo vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya tumbawe hupiga maji na kuyazungusha pembeni mwake. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba tabaka jembamba la maji linalogusa ngozi hiyo limetulia kabisa, na kwamba oksijeni na virutubisho hupenya humo polepole bila msaada wowote. Kumbe tumbawe hujikorogea maji yake. Ila uwezo huo ni wa milimita tu. Kupita hapo, mnyama huyu yuko mikononi mwa mkondo, na ndani ya tangi mkondo ni uamuzi wa mfugaji.

Samaki wa mwambani nao wameuzoea mkondo. Mwaka 1988 William Hamner na wenzake walieleza jinsi samaki walao planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea, wanavyojipanga kwenye ukingo wa Great Barrier Reef unaopokea maji ya bahari kuu, hadi wakawa ukuta wa midomo. Maji yaingiayo mwambani hupita kwao kwanza, na planktoni nyingi huishia hapo. Basi ikiwa samaki hula katikati ya mkondo, kwa nini mfugaji apunguze maji wakati wa chakula? Ni kwa sababu baharini mkondo huohuo unaondoa chakula na kuleta kingine kutwa kucha. Ndani ya tangi chakula ni kile kijiko kimoja kilichotiwa, na mkondo unakipeleka moja kwa moja kwenye chujio.

Hapa inafaa tulijue tangi lenyewe, maana lina mikondo miwili na wengi huichanganya. Wa kwanza ni wa pampu za mzunguko zilizobandikwa kwenye kioo, ambazo husukuma maji huku na huku mlemle ndani. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga kusukuma mara 20 hadi 40 ya ujazo wa tangi kwa saa, na kwa tangi la lita 400 hiyo ni lita 8,000 hadi 16,000. Mkondo wa pili ni wa kuchuja. Maji ya juu humwagikia ukingoni, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini lililofichwa kabatini, hupita kwenye mfuko wa kitambaa na kwenye mashine inayotoa uchafu kwa povu, kisha pampu ya kurudisha huyapandisha tena. Huu wa pili ndio mwizi wa chakula. Artemia na uduvi walioyeyushwa kutoka kwenye barafu hufagiwa hadi ukingoni na kuteremka kabla samaki mwoga hajachomoza pangoni. Huko mfukoni huoza. Amonia hutoka, bakteria huigeuza kuwa naitreti, fosfeti hupanda, na baada ya wiki kadhaa mwani umetanda juu ya mawe ilhali mwenye tangi anaamini chakula chote kililiwa.

Kwa hiyo pampu ya kurudisha ndiyo ya kuzimwa kwanza, na izimwe kabisa. Ikizimwa, maji yaliyo juu ya ukingo na ndani ya mabomba hushuka chini yote, hivyo tangi la chini liachiwe nafasi ya kuyapokea, na bomba la kurudisha litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji ili hewa iingie na kukata mvuto. Tundu hilo likiziba kwa uchafu, sakafu italowa. Mashine ya povu nayo izimwe, kwa sababu maji yakipanda katika tangi la chini hufurika, na mafuta ya chakula huvuruga povu lake.

Pampu za mzunguko ni habari nyingine. Kuzizima zote ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema. Chakula hudondoka sakafuni na kujificha katikati ya mawe, na samaki walaji wa maji ya kati, ambao wameumbwa kuokota chembe zinazopita mbele ya macho yao, hukikosa. Afadhali zipunguzwe hadi chembe zizunguke taratibu bila kutua. Walio wazito wa kuogelea, kama farasi wa baharini, wanahitaji utulivu zaidi ya hapo, na kwa maoni yangu hawafai kabisa kuwekwa pamoja na matumbawe yanayotaka mkondo mkali.

Samaki wakishakula ndipo zamu ya matumbawe. Tumbawe hutambua chakula kwa kemikali zilizomo majini. Tia matone machache ya maji yaliyoyeyushia uduvi, subiri dakika chache, na minyiri iliyojikunja itaanza kujitokeza. Yale yenye polipu wakubwa hulishwa moja moja kwa bomba dogo la plastiki la kunyonya na kupuliza, polepole, ili chakula kitue juu ya minyiri bila kuipiga. Hakuna linalohitaji uangalifu huu kuliko Tubastraea, tumbawe la rangi ya chungwa linaloishi mapangoni na chini ya majabali. Halina mwani ndani yake hata kidogo, kwa hiyo mwanga haulilishi. Lisipopewa nyama litakufa njaa chini ya taa ya bei ghali kuliko zote. Na likishapewa, lilindwe, kwa kuwa kamba na samaki hupokonya windo mdomoni mwa polipu, ambaye humeza polepole.

Utulivu huo lazima uwe na mwisho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba chini ya miligramu 7 za oksijeni kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi yenye joto hilohilo hubeba zaidi ya 8. Akiba ni ndogo, na huingia kwa uso wa maji unaotikiswa. Samaki waliomaliza kula hutumia oksijeni zaidi, na usiku matumbawe nayo huivuta bila kuizalisha. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa milo mingi. Hatari kubwa ni mtu kuzima pampu, simu ikaita, akasahau. Ndiyo sababu watengenezaji kama Tunze wa Ujerumani na EcoTech Marine wa Marekani waliweka kwenye vidhibiti vyao kitufe cha wakati wa kulisha, ambacho husimamisha au kupunguza pampu kisha huirudisha kazini chenyewe. Kwangu mimi kitufe hicho kina thamani kuliko lita elfu kadhaa za nguvu zinazotangazwa kwenye boksi.

Bruce Carlson, alipofanya kazi katika jumba la maonyesho ya samaki la Waikiki huko Hawaii, aliwapa wafugaji kifaa ambacho bado kinavutia: pipa lililowekwa juu ya tangi, likijazwa taratibu na pampu ndogo. Maji yakifika kimo fulani, mvuto wa bomba huanza wenyewe na pipa lote hujimwaga kwa mkupuo, kama wimbi linaloingia mwambani. Kisha hutulia hadi lijae tena. Hakuna panga linalozunguka wala mota ndani ya tangi. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine minyiri husimama tena, na chakula kilichoinuliwa kutoka mawe hupata muda wa kunaswa.

Baadhi ya samaki walio katika matangi hayo wametoka kwetu, kwani Kenya huuza nje samaki hai wa mwambani kwa ajili ya mapambo. Wametolewa kwenye maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na anayewanunua anastahili kujua hilo. Ukiwa na tangi, keti mbele ya kioo leo jioni, tia chembe chache tu na uzifuate kwa macho. Zikivuka ukingo kabla hazijaliwa, usiongeze chakula, tuliza mkondo.